Kisigino cha Callistus Ekisa

Saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya malori imeshavuka kona ya soko la Malaba, na Callistus Ekisa anagombezwa na mteja aliyepakiwa nyuma ya baiskeli yake.

"Boss, si unyonge hii kitu kama wengine! Forodha itajaa watu!"

"Mama, tutafika tu," anajibu Ekisa. Na kweli wanafika, ila wa mwisho.

Waendesha boda boda wote hapa mpakani mwa Kenya na Uganda hukanyaga pedali kwa ncha ya mguu. Ekisa, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hukanyaga kwa kisigino. Wenzake humwambia anatwanga mihogo. Wateja wenye haraka humkwepa, na mkewe Asekenye amezoea kupika mboga siku ambazo majirani wananunua nyama.

Sababu ni karate. Jioni, Ekisa huegesha baiskeli na kufundisha katika ukumbi wa kanisa. Ana mkanda wa kahawia, wa mwisho kabla ya mweusi, na alifundishwa na karani mmoja aliyehamishwa zamani. Miaka michache iliyopita, mwaka 1994, alikwenda Kisumu kutahiniwa mkanda mweusi, akiwa amejifua kwa kata ngumu ngumu za kuruka na kuzunguka. Kata ni mpangilio wa hatua, kinga na ngumi ambao mwanafunzi huurudia mpaka mwili uushike.

"Nilienda kama mtu mkubwa," anasimulia huku akicheka. "Yule mzee mtahini akasema, nionyeshe ile ya kwanza, ya beginners. Nikaifanya haraka haraka. Yeye hakuangalia mkono, aliangalia mguu. Akaniambia, kijana, kisigino chako cha nyuma kinaelea. Rudi nyumbani."

Baiskeli ndiyo iliyomponza. Miaka yote ya kunyonga kwa ncha ya mguu ilikuwa imemzoesha kuinua kisigino, na ngumi ya mtu ambaye kisigino chake kiko hewani haina uzito. Ndiyo maana sasa hukanyaga kwa kisigino.

Wengine wangetupa mkanda. Ekisa alirudi Malaba, akawaambia wanafunzi wake ukweli, kisha akaenda kusimama mstari wa mwisho, nyuma ya mikanda myeupe ya wanaoanza, akaanza nao kata ya kwanza. Mimi nimezoea walimu wasiokosolewa. Huyu nilimvulia kofia.

Ochom, mwendesha boda boda mwenzake na mwanafunzi wake, alikaribia kuacha mazoezi. "Mimi nilikuja kujua kupiga mwizi wa baiskeli," anasema. "Lakini kila siku ni hatua, kinga, hatua, ngumi. Nikachoka. Sasa nikiona mwalimu mwenyewe anarudia na sisi, nitaenda wapi?"

Anayemkosoa mwalimu ni Adeke, mama muuza mihogo kutoka Angurai, mwenye mkanda mweupe. Huweka kipande cha jani la mgomba chini ya kisigino cha nyuma cha Ekisa. Ekisa akipiga ngumi, Adeke huvuta. Jani likitoka zima, kisigino kilikuwa kinaelea.

"Limetoka, mwalimu," anasema Adeke bila huruma. "Anza tena."

Na mwalimu anaanza tena.

Jumamosi ijayo Ekisa anarudi Kisumu. Akifaulu, chama cha karate kitamruhusu kuwatahini wanafunzi wake hapa hapa Malaba. Akishindwa, kila mmoja itabidi ajitafutie nauli ya Kisumu, na wengi hawataiweza. Adeke ni mmoja wao.

"Huyu mama anajua hiyo kata kunishinda," Ekisa anasema, na safari hii hacheki. "Nataka nimfunge mkanda wa njano na mikono yangu, hapa, mihogo yake ikimngoja pale mlangoni."

Anarudi kwenye nafasi yake. Adeke anaweka jani jingine chini ya mguu wa kushoto. Ekisa anapiga hatua, anapiga ngumi. Adeke anainama na kuvuta.

Jani linakatika. Nusu imebaki mkononi mwa Adeke, nusu imebanwa chini ya kisigino. Ochom anapiga ukelele, na ukumbi mzima unamfuata.

Ekisa hajasogea. Jasho linamtiririka kidevuni.

"Lete lingine, mama," anasema. "Bado mguu wa kulia."