Betri Niliyoianika Juu ya Mabati

Nakumbuka, mwanangu, Alhamisi ile niliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale asubuhi na mapema, kompyuta nimeifunga kwenye kitenge cha mama na kuipakata njia nzima hadi mjini Mbarara. Jana uliponiomba kisu ufungue kompyuta yako mwenyewe, nilikupokonya hata kifuniko ulichokuwa umekwisha kulegeza, wala sikukueleza kitu. Ukanuna. Haya, leo nakueleza. Keti, na hiyo simu iweke chini.

Kompyuta yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya kwaya yetu ya Misiera, kijiji chetu pale kambini. Kiongozi wetu aliiacha alipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu, na nilikuwa msichana wa kujifanya najua kila kitu, nikakabidhiwa. Ndani yake nilikuwa nimerekodi nyimbo zetu. Wimbo mmoja aliuanzisha mama yangu, tukiwa uani kwetu, kwa ile sauti yake nzito yenye kukwaruza kidogo, sauti ya mtu aliyeimba akilima tangu kule kwetu Kivu, Kongo. Wimbo ukiisha, kabla sijazima, anasikika akiniita: “Riziki, angalia ile mbuzi, inaingia mu nyumba!” Mimi nacheka, halafu kimya.

Miezi mitatu baadaye mama alifariki.

Picha yake hatukuwa nayo. Nilichobaki nacho ni wimbo huo na mbuzi huyo. Kompyuta nilikuwa nikiipeleka kuchajiwa kwenye duka la sola, nikiichukua jioni na kwenda kumsikiliza nyumbani. Mwenye duka alikataza kuiwasha ikiwa kwenye waya, kwa sababu ilikula umeme wa simu za watu. Kwa hiyo mimi niliamini kompyuta ni kama redio: bila mawe, yaani betri, haisemi. Na betri yenyewe ilikuwa imezeeka. Mwanzoni nilipata saa nzima na mama, baadaye nusu saa, baadaye ikawa inazima kabla hajamfikia mbuzi. Mwisho ikagoma kabisa.

Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya ibada ya kumaliza kilio chake. Nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu kwamba watamsikia mama akiimba. Umeona mdomo ulivyonitangulia?

Basi nikafika Ruti, pale Mbarara, kwa fundi mmoja mzee aliyestaafu jeshini. Huko jeshini alikuwa akitengeneza redio za mawasiliano, na mtaa mzima ulimwita Afande. Aliigeuza ile kompyuta taratibu, akachomoa betri, akaipima, akatikisa kichwa.

“Dada, hii imekufa. Wacha mashini hapa mpaka Jumanne. Mimi natoa kwanza vitu yako yote, naweka pembeni. Halafu naagiza betri ingine Kampala.”

“Afande, siwezi kungoyea,” nikamwambia. “Dimanche batu bote batakuya ku kilio ya mama.”

“Dimanche ni Jumapili? Sawa. Lakini ngoja kwanza, nikuambie kitu...”

Sikungoja. Kwetu kambini tulikuwa tukionyana kwamba mafundi wa mjini ukiwaachia chombo wanabadilisha matumbo yake, wanakurudishia ganda. Nikaona huyu naye anatafuta maneno ya kunilainisha. Nikaipokonya mashine mikononi mwa mzee wa watu, ndiyo, nikampokonya, nikaifunga kitenge na kwenda zangu. Gari liliposimama njiani Kabingo kupakia ndizi za matoke bado nilikuwa nanung'unika peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Baba alikuwa na desturi ambayo kila mtu wa kwetu anaijua: mawe ya redio yakiisha, unayapigapiga kwa jiwe, unayaanika juani, na jioni redio inapata habari mbili tatu. Asubuhi ya Jumamosi nikapasua ganda la betri kwa kisu cha mihogo. Ndani nikakuta vijiti sita vya mviringo, vimepangwa vizuri, nikacheka kwa sauti. Kumbe ni mawe tu! Watu wanasafiri hadi Kampala kufuata mawe! Nikayapiga kwa jiwe, kwa heshima lakini nikayapiga, nikayaanika juu ya mabati. Alasiri nikayarudisha kwenye ganda, nikafunga kwa plasta, nikaenda kuchajisha.

Sikuwa nimefika mbali na duka niliposikia mwenye duka akipiga kelele. Kompyuta ilikuwa inatoa mlio kama sufuria ya maharage inayochemka, kisha moshi mweupe unaokereketa koo, kisha moto. Aliizoa kwa koleo, akaitupa nje na kuifukia kwa mchanga. Alipona yeye na duka lake, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Mimi nilipiga magoti kwenye ule mchanga nikawa nafukua kwa mikono.

Jumapili watu walikuja, wakaniangalia, nikainamisha kichwa. Jumatatu nikarudi Ruti na kitenge changu kinanuka moto. Afande aliipokea mashine. Alifungua kwa bisibisi ndogo, skrubu moja moja, akafika kwenye diski iliyotunza nyimbo, akaiinua nione ilivyoyeyuka.

“Imekwisha, mwanangu,” alisema. Siku ile ya kwanza aliniita dada. Kisha akaketi. “Wewe siku ile ulikimbia. Nilikuwa nataka kukuambia: hii kitu bila betri inafanya kazi. Unatoa betri, unaweka waya ya chaja, inawaka. Huko kwenu jenereta hakuna?”

Jenereta ilikuwepo, mwanangu. Wazee wa kanisa walikuwa wameiazima kwa ajili ya vipaza sauti, na Jumapili nzima ilinguruma nje ya dirisha, hatua kumi kutoka nilipokaa.

Nililia pale dukani bila aibu. Afande akanisubiri nimalize, akasema, “Mkubwa akisema ngoja, ngoja. Hata kama anataka kukudanganya, mwache amalize. Utajua uongo ukisha kuusikia.” Hakunitoza hata senti.

Ule wimbo tuliuimba tena, mara nyingi, na wapo walioweza kuuanzisha vizuri. Lakini hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia kwamba mbuzi anaingia nyumbani. Nimezeeka sasa, mama alifariki hajafika umri wangu huu, na bado ziko alasiri ninapoketi uani na kutega sikio.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kutumia mikono yako. Betri inayochomoka kwa kubonyeza, nunua inayofanana nayo kwa kila namba, badilisha mwenyewe, usimsumbue fundi. Lakini iliyovimba, au iliyofichwa ndani chini ya skrubu na gundi kama hiyo yako, mpelekee anayejua, na uvumilie Jumanne yake. Kabla ya kumwachia mtu yeyote, na kabla ya kushika kisu, hamisha kwanza kile unachokipenda. Betri zinauzwa. Na kuuliza si ujinga, wazee walisema. Mimi naongeza kwamba kuuliza ukaondoka kabla ya jibu ni ujinga mara mbili.

Chukua kifuniko chako. Kesho tutakwenda wote, na nitakaa kwenye benchi la fundi mpaka amalize kusema. Mungu akujalie mikono myepesi na masikio yasiyo na haraka ya kuondoka. Na sauti zinazokuita leo kwa jina lako, hata zile za kukugombeza, azitunze mahali ambapo moto haufiki.