Bastola ya Lorna Inavyojazwa

Kila Jumatano, katika klabu ya shabaha huko Pennsylvania, bastola ya Lorna ilikwama, na kwa sheria yao ambaye bastola yake imekwama huruhusiwa kupiga upya risasi zote tano.

"Wenzako tunapiga mara moja, wewe mara mbili," walimtania.

Lorna, mpishi mstaafu wa shule, alikwishabadilisha springi na kuisugua magazini, kile kikasha cha risasi, hadi ikang'aa. Wapi! Akamwambia Verle, fundi wa matrekta na mwenzake klabuni, kwamba anaiuza bastola.

"Kwanza ijaze nikuone," Verle akasema.

Lorna akabana hadi chini kitufe cha magazini kinachoshusha springi, akamimina risasi tano kama maharage chunguni.

"Ugonjwa ndio huo, dada. Risasi hizi zina ukingo kwenye kitako. Ukizimimina, ukingo wa ya juu unanasa nyuma ya ule wa ya chini. Shusha kitufe kidogo kidogo, utie moja moja, ukingo wa ya juu ukae mbele."

"Mwaka mzima umenitazama tu?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unaitukana bastola."

Lorna akajaza upya, akapiga. Zote tano zikatoka bila kukwama. Iliyogusa karatasi ya shabaha ni moja.

Wenzake wakamgeukia, wakingoja kisingizio. Lorna akachomoa magazini, akaanza kuijaza tena, moja moja.