Benzi ya Tatu ya Hamuza

Maisha ya Hamuza, dereva wa Bwera, Uganda, unaweza kuyahesabu kwa Benzi, tena zile kubwa za mabwana. Ya kwanza ilikuwa ya mnunuzi wa kahawa wa Kasese, chuma kitupu, springi ngumu kama mifupa ya nyati. Hamuza aliiosha mpaka akaaminiwa kuiendesha. Ya pili ilikuwa nene, watu wakaiita Tembo. Kila dirisha lilikuwa na vioo viwili. Ukifunga mlango, kelele za soko zinakatika. Ya tatu aliinunua mwenyewe mwaka 2014, ikiwa imeshachoka, abebee maharusi. Hiyo ilikuwa nyembamba, taa kama matone ya machozi, na badala ya springi ilikalia mifuko ya upepo. Ukibonyeza kitufe, inajiinua yenyewe. Watoto wa Bwera walipiga makofi.

Siku uchungu ulipomshika binti yake Kulusum, aliyeolewa kule milimani Mahango, hakuna bodaboda aliyethubutu kumbeba. Hamuza akabonyeza kitufe, akapanda mlima, akafika.

Sasa, hospitali huendi mikono mitupu. Chakula ni chako, jiko lako, godoro lako. Ithungu, mama mkwe wa Kulusum, akajaza buti: mkungu wa matoke, gunia la makaa, sufuria, beseni. Godoro likafungwa juu. Kisha wanawake wa ukoo wakajisukuma ndani pamoja na mgonjwa.

"Mama, gari italemewa," Hamuza alisema.

"Ile ya zamani ilibeba magunia ya kahawa na mbuzi juu! Hii mupya ndio inadeka?"

Jibu alikuwa nalo. Lakini kumbishia mkwe mbele ya watu ni aibu. Akawasha gari.

Hawakufika mbali. Jiwe liligonga chini, pssss, Benzi ikakalia matako polepole kama ng'ombe aliyechoka, tumbo likalala kwenye udongo mwekundu. Hamuza akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Wakashusha makaa, matoke, godoro, wanawake wote. Haikuinuka.

"Baba," Kulusum akasema, "naisha."

Hamuza akaupiga usukani ngumi. "Amka! Amka, we mutoto wa Muzungu! Yarabi, nimefanya nini?"

Halafu akaking'oa kiti cha nyuma, ngozi na yote. Wakakifunga kwa leso juu ya miti miwili ya mkalitusi, wakamweka Kulusum, wakateremka mbio, Hamuza mbele, viatu vyake vya harusini vikiteleza.

"Nitukane, mwanangu, usinyamaze!"

"Huna... akili... Baba."

"Tena!"

Kichwa cha Kulusum kikalala upande.

Kwenye barabara kuu, pikapu ya jeshi ilisimama.

"Afande, binti yangu—"

"Wacha maneno! Pandisha na kiti yake! Musindikizaji mumoja tu!"

Ithungu akapanda. Pikapu ikatoweka kwenye vumbi, Hamuza akabaki barabarani.

"Muzee," mpita njia akamwambia, "gari yako iko wazi kule juu. Kuku wameingia."

Hakugeuka. Aliikodolea simu macho, akaogopa ilie, akaogopa isilie. Alasiri ikalia.

"Mutoto ni muzima," Ithungu akasema. "Wa kike."

"Na wangu?"

Simu ikapitishwa. Mkwaruzo. Kisha sauti nyembamba kama uzi:

"Baba."

Hamuza akakaa chini katikati ya barabara, na bodaboda zikampigia honi, zikamzunguka, zikamtukana mpaka zikachoka.