Kamera Tuliyowawekea Wezi

Mwanangu, keti kwanza. Nimesikia wamekuweka katika kamati ya usalama ya komini, manispaa yetu, na kwamba zinakuja kamera mpya zinazotambua sura ya mtu. Umefurahi, naona. Nami nilifurahi hivyo hivyo siku tulipofunga kamera ya kwanza kwenye barabara yetu hapa Shituru. Mvi nilikuwa nazo tayari, lakini akili bado ya mtoto.

Nyaya za umeme zilikuwa zinaibwa. Tukachanga, tukafunga kamera juu ya nguzo, na picha zikawa zinaingia kwenye simu yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa barabara, kiongozi wa wakazi wake mbele ya serikali. Hakuna aliyeuliza nani ataruhusiwa kuzitazama, wala kwa sababu gani. Nikajiona chifu kabisa.

Jirani mmoja akafariki. Mjane wake, Mama Kabibi, alikuwa bado ndani ya kilio, na unajua desturi: mjane hatoki mpaka wakwe wamtoe. Ndugu wa marehemu akanijia, mtu wa heshima, tunasali kanisa moja, akaomba nimwonyeshe picha za juma lile. Nilisita, kisha nikaona haya kumkatalia. Na ningemkatalia kwa sheria gani? Nikampa simu. Akamwona shemeji yake anatoka mchana, kitambaa kichwani, anaelekea sokoni. Alikuwa anakimbilia dawa ya mtoto mwenye homa. Hilo kamera haisemi. Jioni vyombo vyake vikawa nje, nyumba wakabaki nayo wakwe.

Mama mzazi wa mjane akaja kutoka kijiji cha wavuvi kule Tshangalele. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pangu, mke wangu na watoto wakisikia.

"Papa, ile kamera mulisema ni juu ya bantu benye kuiba. Mutoto yangu, yeye aliiba nini?"

Nilikwenda kuwasihi wakwe. Wakaniambia ushahidi niliwapa mimi mwenyewe. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Sasa Mama Kabibi analea wanawe kwa mama yake, anauza samaki, na tukikutana mjini ananisalimu kwa heshima. Ile salamu ndiyo inanichoma zaidi.

Basi kabla hamjapandisha kamera hata moja, kaeni na watu, mwandike nani anatazama, kwa sababu gani, picha zinafutwa lini, na aliyeonewa akalalamike wapi. Na wewe mwenyewe uwekewe mtu wa kukuchunguza, maana huna wema kunishinda mimi wa siku zile. Awe padri, awe mkubwa wa polisi, hata mimi baba yako nikija kuomba niangalie kidogo tu, nionyeshe yale maandishi, unikatalie.

Mungu akulinde, akupe watoto na afya, na akupe ubavu wa kumwambia hapana mtu unayemheshimu.