Usimtwishe Mtoto Majibu ya Mungu

Mwanangu, juzi nilikusikia ukimwambia binti yako kwamba mama yake haponi kwa sababu yeye, mtoto, anasali huku anasinzia. Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni. Leo sinyamazi. Nimekasirika, na hasira yenyewe ni ya zamani, nilianza kujikasirikia mwenyewe kabla hujazaliwa.

Ipo siku ambayo sijaisahau. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, serikali inapunguza wafanyakazi. Nilikuwa karani hapa Dodoma, tunaishi mtaa wa Kikuyu, na dada yako Nyemo alikuwa na miaka minane. Jina langu likatokea kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Mbele ya mkubwa wangu sikusema neno. Nilirudi nyumbani nikamwambia Nyemo apige magoti.

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimsimamia akisali: Mungu mrudishe baba kazini. Nilimwambia kwamba Mungu hamnyimi mtoto mwenye moyo safi. Sikujua nimesema neno baya kiasi gani.

Wiki zikapita. Siku moja nilikwenda ofisini kuulizia, nikaambiwa orodha haibadiliki. Nilirudi nimevimba kwa hasira, nikamkuta anafagia uani. Nikamwambia, "Basi humu ndani kuna mtu ana dhambi. Mungu hakatai bure."

Akaendelea kufagia. Mimi nikaingia ndani kulala.

Siku ya tatu mama yangu alifika kutoka Bahi, na mboga yake ya mlenda mkavu kwenye kikapu. Nyemo hakutoka kumwamkia. Bibi yenu alimkuta amejilaza sakafuni nyuma ya mlango, midomo imekauka. Alikuwa hali kitu. Chakula alikuwa akimpa mbwa wa jirani, na mimi niliyekaa naye nyumba moja sikuona.

"Una nini, mjukuu wangu?"

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye niliyemponza baba. Nililamba sukari nikasema sijalamba."

Mama hakupaza sauti. Alimnywesha uji kwanza, kijiko kwa kijiko, ndipo akanigeukia.

"Wewe Yohana. Huko ofisini ulifunga mdomo. Ukaja kuufungulia kwa huyu?"

"Mama, nilikuwa namfundisha kusali."

"Ulikuwa unatafuta wa kumlaumu. Mungu ulimwogopa, mkubwa wako ulimwogopa, akabaki mtoto."

Nilikaa sakafuni karibu na Nyemo nikamwambia kazi haikuondoka kwa sababu ya sukari, na kwamba nilikuwa na hasira nikamtupia yeye. Akaniuliza, "Sasa Baba, tunasali ili iweje?"

Sikujua. Umri wote ule, na kanisani kila Jumapili, sikujua. Mama ndiye aliyemjibu: "Tunamwambia Mungu kinachotuuma, tusiumie peke yetu. Tena tunamshukuru. Kutoa au kutotoa ni kwake, wewe hayakuhusu."

Kazi sikuirudia. Nililima zabibu, mkasoma. Lakini Nyemo alisali macho wazi kwa miaka mingi, akiniangalia usoni aone kama nimeridhika. Hilo sikuweza kulifuta, na hadi leo linaniuma.

Kwa hiyo nisikilize. Mkeo anaumwa ini, daktari amekueleza. Mwambie mtoto hivyo hivyo, kwa maneno anayoyaweza. Akikuuliza kwa nini Mungu haponyi, mwambie hujui, hutapungua kitu. Sali naye, usimsimamie. Umlilie Mungu wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, hata kama ni kwa kufoka. Na leo hii, kabla hajaenda shule, umwombe radhi.

Nimemaliza kufoka. Mungu amguse mkeo, akupe wewe ujasiri wa kusema kweli nyumbani kwako, na mtoto wako afumbe macho akisali bila kumwogopa mtu. Nenda, anakungoja.