Bonde la Magamba na Sura Inayozunguka

Kuna mlio mmoja hapa nyumbani kwetu Mabibo ambao nimeuzoea kuliko mlio wa jokofu. Ni filimbi fupi inayoshuka, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kukosa jambo, kisha sauti ya msichana inasema maneno ya Kijapani nisiyoyajua maana yake. Hutoka kwenye televisheni kila mjukuu wangu Zuhura anapouawa. Naye Zuhura, ambaye mwaka huu ameuawa mara nyingi mno, hukunja miguu upya kwenye mkeka, hufuta viganja kwenye dera lake na kusema kwa sauti ya chini, "Tena."

Ni hilo neno lake, kuliko hata filimbi, linalonirudisha Temeke, kwenye baraza la chuo tulikofundishwa kusoma Kurani, na kwenye mlio wa mchi wa marehemu mama yangu. Lakini ili mnielewe, lazima niwaeleze kwanza huo mchezo.

Mashine aliletewa na mjomba wake. Gemu lenyewe ni la katuni za Kijapani, watu wenye macho kama visahani, na kuna msichana mwenye nywele za buluu anayemtafuta dada yake aliyechukuliwa. Upanga wake ni mrefu kuliko yeye. Siku za mwanzo nilikaa pembeni nikimenya vitunguu na kujifanya sitazami. Kisha upepo ulipita juu ya majani ya mle ndani, majani yakalala na kuinuka kama kitambaa cha hariri, nami nikasahau kisu mkononi. Namshukuru Mungu aliyewapa watu vipaji vya namna hii. Kuna bibi mmoja muuza supu kwenye kijiji cha mchezo, ukirudi kwake baada ya safari ndefu anakukumbuka na kukuuliza kama miguu bado inauma. Na mapigano yenyewe yana mdundo. Zuhura akishaupata, vidole vyake huenda kama vya mpiga dufu, na mnyama hamgusi. Anasema hilo ndilo analolipendea: ukipigwa, kosa ni lako.

Ila mchezo huo una karaha zake. Upanga hauwi mkali mpaka uupake unga wa magamba, na magamba hutoka kwa vijidudu vya bonde moja tu. Kijidudu kinaweza kufa kisitoe chochote. Basi jioni nzima binti mwenye nywele za buluu anazunguka bonde lile lile, anapiga vijidudu vile vile. Nilimuuliza Zuhura anafanya nini, akanijibu, "Nafamu, Bibi." Nilidhani analima, nikatafuta jembe kwenye kioo, nisilione. Akacheka hadi akalala chini, kisha akanieleza: kufamu ni kurudia jambo moja mpaka upate unachokitaka. "Gemu kali, ila kwenye magamba wanazingua."

Mwisho wa bonde kuna lango, na lango linalindwa na mnyama mwenye mikia mingi. Ukishindwa naye, unarudishwa mbali, na kabla ya kupigana naye tena lazima usikilize hotuba yake yote. Haikatiki. Zuhura ameshaikariri kwa Kijapani. Tena huwezi kuhifadhi ulipofika mpaka ukaguse taa fulani njiani, ndiyo maana adhana ikitoka nasikia, "Bibi, nisubiri kidogo, sijafika kwenye taa." Aliyeutengeneza mchezo hakufikiria nyumba zenye adhana. Tumeelewana, mimi na mke mwenzangu huyu: ikikaribia saa ya swala, haliendei lango.

Sasa rudini nami Temeke. Chuo chetu kilikuwa barazani kwa Maalim Sefu, mzee mwembamba aliyekuwa akishona kofia huku akitusikiliza, jicho kwenye sindano na sikio kwetu. Tulisoma wote kwa pamoja kwa sauti, kila mtoto na somo lake, kelele kama mvua juu ya mabati, lakini ukikosea herufi moja sindano ilisimama. Hakuwa mtu wa bakora. Alisema neno moja tu, "Rejea," nawe ukaanza mwanzo.

Kati ya sura fupi tunazoanza nazo kuna moja ambayo aya yake inajirudia. Siitaji, waliokaa chuoni wameshaijua. Aya ile inakuja mara ya kwanza, unaipita, inakuja tena vile vile, na hapo ndipo pa kutokea. Lakini ukiifikia mara ya pili ukadhani ni ya kwanza, ulimi unashika njia uliyotoka nayo, na unazunguka. Unaweza kuzunguka mpaka sauti ikauke. Mimi nilizunguka. Wenzangu wakaniita Kipilefti, kama ule mzunguko wa magari barabarani. Nikianza tu ile sura, Mwanahawa, rafiki yangu, aliyeketi ubavuni pangu, alikuwa akinong'ona, "Jamani pisheni, Kipilefti anapita," na safu nzima inatetemeka kwa kicheko cha kubanwa. Sindano inasimama. Rejea.

Lingekuwa jambo la kucheka tu, kama si Maulidi ya chuo yaliyokuwa yanakaribia. Watoto waliokwisha kuivuka sura ile walikuwa wanasimama mbele ya wazee na kusoma mmoja mmoja. Ambao hawajavuka walikaa nyuma na kuitikia. Mama alikuwa ameshanishonea gauni jeupe lenye utepe wa kijani shingoni. Alilitundika ukutani, juu ya kitanda changu, na kila nikiamka nililiona likiningoja. Kwa mtoto, hakuna hofu kubwa kuliko gauni jipya lisilo na pa kuvaliwa.

Mama alikuwa mkaangaji wa vitumbua. Utoto wake ulipita shamba, kwa shangazi aliyekuwa na kazi nyingi kuliko mikono, na chuoni hakupelekwa. Swala aliijua kwa kuwafuata watu wazima, na sura alizokuwa nazo hazikuzidi chache za lazima. Kila jioni, tukishaswali Magharibi, aliweka kinu uani na kutwanga mchele aliouroweka kwa ajili ya asubuhi. Harufu ya mchele mbichi na iliki ikijaa uani, ananiambia, "Hebu nisomee."

Nikasoma. Nikazunguka. Mchi wake ulipanda na kushuka kwa kufuata aya, nami nilidhani ni mimi ninayefuata mchi. Nilipoishia kulia, hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alipangusa jasho kwa ncha ya kanga na kusema, "Tena, mama." Midomo yake ilikuwa ikicheza. Niliamini anajisemea habari za sukari na mafuta.

Niliona ananichunga. Jioni moja nilikasirika nikamwambia kwamba yeye anaweza kusema tena na tena kwa sababu si yeye anayesoma. Akanitazama, akatabasamu, akarudi kwenye kinu chake.

Aliyenipa njia ya kutokea alikuwa Maalim. Siku moja wenzangu walipokwisha kuondoka alinibakiza, akaweka kofia chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema kwamba tatizo langu si kusahau, tatizo ni haraka: naipita aya ile mara zote mbili kwa mwendo mmoja, ndiyo maana siijui ipi ni ipi. "Ya kwanza ipite. Ya pili, tua. Gonga goti kwa kidole, vuta pumzi, kisha utoke." Nilikwenda nyumbani nikamsomea mama hivyo, nikitua na kugonga. Nilitoka. Mchi ukasimama hewani. Mama akasema, "Tena," nami kwa mara ya kwanza nilirudia kwa furaha.

Siku ya Maulidi baraza lilijaa, udi ukafuka, na gauni likapata pa kuvaliwa. Nilisimama nikaanza vizuri. Aya ikaja. Kisha macho yangu yakaangukia safu ya wanawake, nikaona ncha ya utepe wangu imefunguka, nikaanza kuufikiria utepe. Aya ikaja tena, na sikujua ni mara ya ngapi. Nikanyamaza. Nikamsikia Mwanahawa nyuma yangu akivuta pumzi, safari hii bila kucheka, kwani alikuwa akiniombea.

Nikamtafuta mama. Alikuwa ameketi mbele, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Kidole chake kiligonga goti mara moja.

Nikavuta pumzi, nikatoka. Watu wakaitikia kwa takbiri, Maalim akaendelea na kofia yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Njiani kurudi nyumbani nilimwambia mama nimefurahi kwamba alinitia moyo, naye akasema, "Alhamdulillahi," akanifunga utepe.

Niliishi na hilo miaka mingi nikiamini kuwa lilikuwa la kunitia moyo tu. Mama alipozeeka nilimhamishia kwangu, na asubuhi moja nilimkuta kwenye msala baada ya Alfajiri, ameketi, anasoma kwa sauti ya chini. Nikasimama mlangoni na kikombe cha uji. Aya ikaja, akaipita. Ikaja tena, akatua. Kidole kikagonga goti. Akatoka.

Uji ulipoa mkononi mwangu. Ili agonge pale siku ile ya Maulidi, mama alipaswa kujua aya imekuja mara ya ngapi, mahali ambapo mimi msomaji sikujua. Na hakuna aliyemfundisha ila kosa langu. Kila nilipozunguka, nilikuwa namsomesha. Ile "Tena" aliyokuwa akiisema uani, nusu yake ilikuwa yangu, na nusu alikuwa akijiombea mwenyewe. Sikumwambia kwamba nimemsikia. Nilimpa uji, tukazungumza habari za kuku.

Juzi Zuhura alikuwa langoni tena, magamba yametosha, upanga unang'aa. Mnyama akamaliza hotuba yake. Nilikuwa nachambua mchele, sikuwa hata natazama sawasawa. Lakini kabla mnyama yule hajapiga pigo lake la kuua, mkia wa kushoto hutulia kidogo, na nilipouona umetulia, kidole changu kiligonga ungo.

"Sasa," nikasema.

Zuhura akaruka. Pigo likapita chini ya miguu yake, naye akashuka na upanga. Lango likafunguka, na nyuma yake kulikuwa na nchi nzima yenye theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Akanigeukia, padi ya kuchezea bado i mkononi.

"Bibi, umejuaje?"

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kwani ulidhani unauawa peke yako?"