Mshikaki wa Mikia wa Bi Tokiwa

Bi Tokiwa, fundi cherehani mstaafu, hukaa kiti cha pembeni mbele ya jiko la Hamasaki, mchoma mishikaki ya kuku mtaani kwetu Osaka. Kuku ana mkia mmoja tu, kwa hiyo mshikaki wa mikia hupatikana mmoja kwa jioni, na kila jioni ni wake. Roho iliniuma.

"Mkaa unaochomea nakuuzia mimi," nilimwambia Hamasaki.

"Na nimeshaulipia, kaka. Wewe unakuja na oda zako. Mama huyu anakula ninachompa."

Kesho yake nikasema, "Haya, nipe chochote."

Akanipa maini, nisiyoyapenda hata kidogo.

Bi Tokiwa akacheka, akipangusa mafuta mdomoni. "Hata mimi alinianzia hapo, mwanangu."

Nikayala yote, macho kwenye sahani yake.